Kioo Safi Kilichomchanganya Yunusi

Saa moja asubuhi, umande wa Uluguru bado haujakauka majanini, na Yunusi bin Pazi amechuchumaa nyuma ya hospitali ya wafanyakazi wa reli mjini Morogoro, anasugua vioo. Anachovya kidole kwenye majivu, anasugua, anakamulia limau, anasuuza. Anakiinua kioo juani, anakunja uso, anaanza upya.

"Hiki nimekirudia mara nne," anasema. "Ukiniuliza kwa nini, mwenyewe sijui tena."

Msomaji, usimcheke. Wamemcheka wengi mwezi huu, na yaliyomkuta yangemtatiza hata kadhi.

Kwa rupia kumi na mbili kwa mwezi, Yunusi huwatoboa vidole makuli wa reli, akapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo na kulitia dawa ya rangi, ili Daktari Mdachi atafute vidudu vya homa kwa hadubini. Ni vioo sitini kwa siku, na majivu yamemla ncha za vidole.

Mwaka jana Daktari alimfundisha kutazama na yeye. Aliviona vidudu, akaiona damu yenyewe, maelfu ya vijiduara vyekundu. Lakini katikati yake aliona kitu kingine: vumbi la zambarau, chembe ndogondogo, nyingine peke yake, nyingine zimekumbatiana. Lilikuwamo katika kila kioo.

"Nikajua ni uchafu wangu," anasema. "Niliona haya kweli. Mimi nimesoma chuo cha Kurani, nimefundishwa kuwa usafi ni katika imani. Nikanyamaza, nikaongeza majivu."

Aliongeza majivu, akaongeza limau, akajaribu hata mchanga wa mtoni. Vumbi halikwenda popote. Alijitoboa mwenyewe, akalikuta na kwake.

Wiki tatu zilizopita alishuka Maneno kutoka kijiji cha Kinole mlimani, mtoto wa miaka kumi, mwana wa dada yake Mwaisha. Alikuja kuchukua shuka la jando, maana shuka hilo hutoka kwa mjomba. Alikuwa amepona surua mwezi mmoja nyuma. Miguuni alikuwa na vidoa vyekundu kama vya kuumwa na viroboto, na mapaja yamevilia damu.

"Nikadhani amepigana na wenzake," anasema Yunusi.

Adhuhuri mtoto aling'ata muwa, jino likang'oka. Alasiri damu ilikuwa bado inatoka. Yunusi alibana pamba ikalowa, akabana nyingine ikalowa. Kwa mazoea tu ya kazi, alipaka tone moja kwenye kioo, akalitia rangi, akatazama.

Hakukuwa na vumbi. Kioo kilikuwa safi!

"Nilifurahi kama mtoto. Nikakimbia kwa Daktari, nikamwambia, Bwana, tazama kazi yangu."

Daktari alitazama kwa muda mrefu, akikisogeza kioo huku na huku. Kisha akainua kichwa. "Damu ya nani hii?"

Hapo ndipo Yunusi alipoelezwa, kwa Kiswahili cha kuungaunga, kwamba lile vumbi si uchafu. Ni chembe za damu, na kazi yake ni kuziba. Ngozi ikikatika, zenyewe ndizo hutangulia kufika, zikang'ang'ania ukingo wa kidonda, zikashikana, zikaita nyingine, kisha damu ikagandia juu yake.

"Kama sisi mfereji ukibomoka shambani," anasema Yunusi. "Wa kwanza anatupa tope, wa pili majani, maji yanasimama. Sasa kwa Maneno, mfereji umebomoka na watu hawapo."

Damu ya fizi ilikatika magharibi. Daktari alisema baada ya surua chembe hizo huweza kupungua, na kwa watoto mara nyingi hurudi zenyewe baada ya miezi michache. Mara nyingi, si kila mara. Lakini kisu kisimguse.

Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Yunusi akapanda Kinole. Alikuta togwa imeiva, mpunga umetwangwa, na ngariba, mzee Kibwana, ameshafika.

"Shikamoo, mzee. Maneno asiingie mwaka huu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimeitazama damu yake."

"Umeona nini?"

"Sikuona kitu."

Uwanja mzima uliangua kicheko. "Hukuona kitu!" alisema Kibwana. "Basi si mzima huyo?"

Mwaisha hakucheka. "Kaka, wenzake wote wataingia, mwanangu abaki akiitwa msungo, mtu asiyepita jandoni? Kwa ajili ya vumbi?"

"Kwa ajili ya vumbi ambalo hana, dada."

"Unajisikia unavyosema?"

Alijisikia, na aliona aibu. Hata hivyo alikataa, na neno la mjomba halivunjwi. Mwaisha hajasema naye tangu siku hiyo.

Wavulana tisa waliingia jandoni Jumatatu. Wote wanaendelea vizuri. Habari hiyo njema ndiyo inayomnyima Yunusi raha.

Mpango wake ni kumtoboa Maneno kidole kila mwezi, na mwakani baada ya mavuno, chembe zikiwa zimerudi, ampeleke mwenyewe kwa Kibwana.

"Akipona mwakani, watasema hata mwaka huu angepona," anasema, akifuta mikono kwenye kanzu. "Mtoto ambaye hakukatwa hakutoka damu, sasa nitajuaje kama nilimwokoa au nilimwaibisha bure? Sitajua mpaka nakufa. Basi nisijue. Wanicheke mpaka Maneno aote mvi, naye akae anicheke pamoja nao."