Nyumba Saba Alizozifuta Bi Sihaba

Sihaba binti Mtoro bin Abdalah, wa Muhoro. Babu yake Abdalah ndiye aliyechimba kile kisima cha nyuma ya msikiti ambacho mpaka leo maji yake hayana chumvi. Baba yake Mtoro, mwaka wa mafuriko makubwa, alivusha watu kwa mtumbwi wake siku tisa mfululizo, hakuacha hata kuku wa mtu. Mama yake alikuwa mkunga, na bibi yake mzaa mama alikuwa mkunga. Sihaba mwenyewe alisoma mpaka darasa la nne, mwandiko wake karani wa kata aliuonea wivu, na alianza kupokea watoto kabla hajazaa wa kwake. Ukimkuta mtu Muhoro hajatimiza miaka hamsini, jua mikono ya kwanza kumgusa duniani ni ya Bi Sihaba.

Alizoea kukesha, alizoea matope, alizoea wanaume wanaouliza maswali ya kijinga mlangoni. Lakini mwaka ule wa daktari wa vichupa, alichoka kwelikweli.

Mambo yalianza na mvua za El Niño. Maji yalikaa mashambani mpaka mpunga ukaoza, mbu wakawa kama moshi. Mbuzi wakatupa mimba. Kisha watu wakashikwa na homa, macho mekundu, wengine damu puani. Wakaiita homa ya mbuzi. Nyumbani kwa marehemu Swalehe, watoto wake wanne, watu wazima wote, walichinja mbuzi mgonjwa wakasaidiana kuchuna. Watatu wakaugua. Habibu na dada yake Zamda walipona kwa shida. Amri alifia mapajani mwa Bi Sihaba, akiita maji. Wa nne, Twalibu, ndiye aliyetia mkono tumboni mwa mbuzi kumtoa mtoto aliyefia ndani, akalowa damu mpaka viwikoni. Yeye hakuumwa hata kichwa.

Habari hiyo ndiyo iliyomleta Daktari Azan kutoka Dar es Salaam na gari lenye sanduku la barafu. Alikusanya watu pale zahanati, akaeleza kwa lugha nzuri, hilo Bi Sihaba hakumnyima.

"Kirusi huyu peke yake hawezi kuzaana," alisema. "Hana jiko, hana chungu. Akitoka kwa mbuzi akaingia mwilini mwako, anatafuta vyombo vyako apikie. Na vyombo hivyo mwili unavifinyanga kwa kufuata maagizo uliyorithi kwa baba na mama, ndiyo tunayaita vinasaba. Huenda huyu Twalibu alizaliwa na agizo moja lenye kasoro. Chombo kimoja hana, kirusi akafa njaa. Tukilinganisha damu yake na ya ndugu zake wa baba mmoja mama mmoja, tutajua ni chombo gani. Tukikijua, itatafutwa dawa ya kukifunika."

"Na damu itakayobaki mnampelekea nani?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma. Watu wakacheka, maana hadithi za mumiani hazijasahaulika huku kwetu.

"Mie nakunywa chai tu, mzee wangu," daktari akajibu, na hapo akawapata.

Bi Sihaba alielewa kabla ya mwenyekiti wa kijiji. Kwa hiyo alikuwa wa kwanza kuogopa.

Kwani Twalibu hakuzaliwa na Johari, mjane wa Swalehe. Miaka thelathini nyuma, serikali ilipohamisha watu wa bondeni, alipita mwanamke kutoka upande wa Ngorongo, hana mtu, uchungu umemshika njiani. Alijifungua kwa Bi Sihaba na akafa kabla jua halijatoka. Siku ileile, nyumba ya pili, Johari alizaa mtoto asiyelia. Swalehe alikuwa deltani anakata boriti za mikoko. Bi Sihaba alimchukua yule yatima akamlaza kifuani kwa Johari, akanyonya. Wakaapa wote wawili juu ya msahafu kutoitoa siri. Swalehe aliporudi alikuta mtoto wa kiume, akafurahi, na akafa na furaha yake. Shamba la minazi lilipogawiwa, Twalibu alipata fungu la mtoto wa kiume, na kwa fungu hilo ndiyo anamlisha Johari mpaka leo. Habibu, kaka yake, hajawahi kumpenda. Angejua, angemtoa shambani kabla ya adhuhuri, na sheria ya mirathi ingekuwa upande wake.

Vichupa vya kwanza havikufika popote. Kivuko cha Ndundu kiliharibika, gari likakaa foleni siku mbili, barafu ikawa maji ya uvuguvugu. Bi Sihaba alisema alhamdulillahi kimoyomoyo, kisha akaona haya, maana Amri alikuwa amekufa mikononi mwake na yeye pia alitaka kirusi huyo akose jiko.

Daktari akarudi, akatoa damu upya nyumba kwa nyumba, watoto na mama zao. Aliyeandika majina kwenye vichupa ni Mwamvua, mhudumu wa zahanati, mtoto wa mdogo wake Bi Sihaba. Safari hii kivuko kilivusha. Ikapita miezi mingi. Siku daktari alipotokea mara ya tatu, hakuamkia hata watu vizuri.

"Damu hizi haziendani," alisema, makaratasi mkononi, Johari na watoto wake wamekaa kwenye benchi. "Iliyoandikwa Twalibu haina chochote cha mama huyu. Samahani, mama, lazima niulize. Huyu ulimlea tu?"

Johari akasimama. "Nimemzaa mwenyewe! Muulize mkunga, si huyo hapo?"

Macho yote yakamgeukia Bi Sihaba. Habibu alikuwa amekunja mikono, anangoja.

"Nilimpokea mimi," Bi Sihaba akasema.

"Basi vichupa vimechanganywa," akasema daktari. "Nani aliandika majina?"

Mwamvua akainua mkono taratibu, kama mtoto wa shule.

"Kazi ya miaka miwili, dada, umeiharibu kwa kalamu. Naandika barua wilayani. Zahanati haifai kuwa na mtu kama wewe."

Mwamvua akashusha mkono. Alifanya kazi pale miaka kumi na moja na hakuwahi kukosea hata jina la mtoto wa chanjo. Kuandika alifundishwa na mama yake mkubwa huyohuyo, aliyekuwa sasa akitazama vidole vya miguu yake.

Jioni Bi Sihaba alikwenda kwa Johari. Alimkuta anakuna nazi.

"Somo yangu, nipe ruhusa. Nimwambie daktari peke yake, chumbani."

"Chumba gani kisicho na dirisha Muhoro hii?" Johari hakuinua kichwa. "Leo daktari, kesho dereva wake, kesho kutwa Habibu."

"Mwamvua anapoteza kazi kwa ajili yetu."

"Na mwanangu apoteze baba? Nenda ukaseme, Sihaba. Ila ukapite kwanza kaburini alipolala yule mwanamke, umuage."

Bi Sihaba alitoka bila kuaga. Alikuwa na hasira na Johari, na hasira na daktari, na zaidi alikuwa na hasira na lile karatasi lenye mstari mmoja wa baba na mstari mmoja wa mama, kana kwamba watu wanaingia duniani kwa foleni.

Asubuhi alimkuta Daktari Azan anapakia gari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwamvua hakukosea. Ifute nyumba ile."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu sina ya kukupa."

"Bibi yangu, sayansi haifuti watu bila sababu. Nitawajibu nini wakubwa zangu?"

"Basi hiyo sayansi yenu haina adabu."

"Na wewe unanificha kitu!" Daktari alikuwa amechoka naye pia, koti lina vumbi, macho mekundu. "Watu wamekufa, bibi. Mvua nyingine ikija watakufa tena."

Hilo lilimchoma, kwa sababu alikuwa akijiambia hivyohivyo usiku kucha. Akanyoosha mkono. "Lete orodha yako yote. Na kalamu."

Orodha ya waliotolewa damu ilikuwa na nyumba thelathini na tatu za Muhoro na vitongoji vyake. Bi Sihaba aliketi kwenye ngazi ya zahanati akaisoma polepole, nyumba kwa nyumba, akikumbuka kila kilio cha kwanza. Akapiga mstari juu ya nyumba moja, kisha nyingine. Alipofika ya Swalehe hakusita wala hakubonyeza kalamu zaidi. Alifuta saba.

"Hizi zilizobaki naapa kwa Mwenyezi Mungu, baba na mama ni hao ulioandika. Hizi saba usilinganishe ndugu."

Daktari akaangalia ile mistari. "Zote saba zina—"

"Sikusema zina. Nimesema usilinganishe."

Daktari akahesabu mistari upya. Kisha akaelewa, ikaonekana jinsi mabega yalivyoshuka. Nyumba saba, na mtu mwingine akiisoma orodha hiyo asingeweza kusema ni ipi yenye neno.

"Twalibu ndiye peke yake niliyempata," alisema kwa sauti ndogo. "Bila ndugu wa kumlinganisha naye, sina cha kuonyesha. Miaka miwili, bibi."

"Mie nina thelathini."

Daktari akatoa mfukoni barua ya wilayani, akaichana mara mbili, akampa Mwamvua vipande akatupe. Akasema samahani dada, akisema na usukani zaidi kuliko na Mwamvua. Gari likaondoka. Baadaye tukasikia lilikaa tena Ndundu, injini ya kivuko imezima katikati ya mto. Kile chombo anachokitafuta kirusi hakikupatikana mwaka ule, wala uliofuata.

Bi Sihaba alibaki pale ngazini. Mwamvua akaja akakaa chini yake.

"Mama mkubwa, kwa hiyo ni kina Twa—"

"Funga mdomo."

Mwamvua akafunga.

"Watarudi," Bi Sihaba akasema. "Kama si huyu, mwingine, na vichupa vyake. Mie macho yanakwisha, na mvua itanyesha. Safari ijayo wewe ndiye utakayewapa orodha kabla hawajachoma mtu sindano. Si baada, kama nilivyofanya mie, watu wakaonewa. Utawaambia nyumba za kuingia na za kuruka."

"Nitajuaje?"

"Utakuja kwangu kila Ijumaa baada ya swala. Nitakutajia nyumba moja moja, nani alizaa nani, tangu mama yangu. Nitakayoiruka, usiulize, iruke na wewe. Na kila unapotaja ya kuruka, ongeza sita zisizo na neno."

Mwamvua akanyanyuka. "Nikalete daftari?"

"Daftari la nini? Kaa. Tunaanzia nyumba ya kwanza kutoka kisimani kwa babu."

Mwamvua akakaa.