Maji ya Ukoko

Siku hizi makaa yetu tunayatengeneza Mbarara, upande wa Ruharo, nyuma ya nyumba ya kupanga. Tuna mashine ya kusindilia, na gundi tunaipika kwa unga unaofagiwa sakafuni vinuni, uliochanganyika na mchanga. Asubuhi ninapoukoroga unga huo uliolala majini, harufu yake ya uchachu hunirudisha Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, wakati hatukuwa na mashine wala wateja, nasi tulikuwa tunakusanya ndoo za majirani.

Nilijifunza kazi hii kwa kujaribu na kukosea. Maganda ya ndizi na mihogo, pamoja na magunzi, niliyakausha, nikayachoma ndani ya pipa lililozibwa hewa, kisha nikayasaga. Unga ule mweusi haukushikana. Ulihitaji uji. Nikamwomba mke wangu kikombe cha unga wa mahindi.

"Wa nini?"

"Wa kushikisha makaa."

"Ili uuchome?"

"Kidogo tu."

"Basi anza na nguo zangu. Unga wa mtu kula hauingii motoni nikiwa hai."

Sikubishana naye. Sote wawili tulitoka Burundi tukiwa tunajua njaa ni nini, na miezi hiyo msaada wa chakula ulikuwa umepunguzwa tena.

Jibu nililipata kwenye sufuria yake mwenyewe. Kila jioni, baada ya ugali, wanawake wa mtaa wetu walitia maji kwenye sufuria ili ukoko ulainike, na asubuhi wakayamwaga nje. Nilitumbukiza mkono katika yale ya mke wangu kabla hajayamwaga. Yalikuwa mazito, yananata vidoleni. Alinitazama, akasema, "Hayo chukua. Hayo hata mbuzi amekwisha kuyakataa."

Tukaanza kuzunguka nyumba jirani. Aliyetoa maji na maganda alirudishiwa makaa. Kila ndoo niliichanganya peke yake, maana maji ya nyumba moja hayakufanana na ya nyingine, nami nilitaka kujua yapi yanashika na kwa kiasi gani. Donge lililokauka nililiangusha kutoka usawa wa bega; likibaki zima, limefaulu. Wanawake waliugeuza mtihani huo kuwa mchezo. "Ya kwako ni chai!" mmoja alimcheka mwenzake, naye akajibiwa, "Ya kwako nzito kwa sababu unaunguza kila siku. Masikini bwana yako!" Nilikuwa nikisimama katikati na ndoo zangu, nikitukanwa na pande zote, na sikumbuki asubuhi nzuri kuliko zile.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mama mzee Mkongomani aliyeishi peke yake. Ndoo yake haikukosa kuwa mlangoni, na maji yake yalikuwa meupe kuliko ya wote. Lakini madonge yake yalipasuka juani, na yaliyobaki yalivunjika nilipoyaangusha. Nilifikiri nimekosea vipimo. Nikarudia. Mara ya tatu niliinusa ndoo: haikuwa na uchachu hata kidogo. Nilisugua kwa vidole mashapo ya chini, yakateleza bila kunata. Ulikuwa udongo mweupe, ule aliokuwa akiupaka ukutani mwa nyumba yake.

Nilimweleza mke wangu nikiwa bado nadhani ni mzaha wa kizee. Yeye hakucheka. Alichukua kapu la makaa ya mama yule, akampelekea mwenyewe. Aliporudi aliketi karibu nami.

"Makaa yote tuliyompa yamo ndani," akasema. "Ameyapanga ukutani vizuri kama matofali. Jiko lake ni baridi."

"Nimwambie nini?"

"Wewe? Usimwambie kitu. Ukifungua mdomo, yule mama hatatoka tena nje."

Jioni ile alisonga ugali mwingi kuliko kawaida yetu. Alipopakua, aliacha karibu nusu ndani ya sufuria, akatia maharage kando, akafunika, akavuka ua. Mimi nilikuwa nikianua maganda, nikawasikia.

"Mama, nisaidie. Maji yameniishia. Naomba sufuria hii uiloweshe kwako, asubuhi nitaichukua."

Kifuniko kikalia.

"Hii sufuria yako iko na ukoko mingi, mwanangu."

"Ninaunguzaga, mama. Bwana yangu analalamika kila siku."

"Basi lete. Weka pale fasi ya moto."

Asubuhi sufuria ilirudi inang'aa, na ndoo mlangoni ilikuwa na maji ya kijivu, yenye harufu ya kuchachuka. Ikawa hivyo kila siku, na mke wangu akapata sifa mtaani ya mwanamke asiyejua kusonga. Hakuikana.

Madonge yalipokauka, mama mzee alikuja mwenyewe kusimamia mtihani. Kwa Kiswahili cha kwao, makaa ni makala na maji ni mayi.

"Baba wa makala, zamani mayi yangu ilikuwa inakukatalia. Leo?"

Niliangusha donge. Lilidunda, likabingirika zima mpaka mguuni pake. Aliinama, akaliokota, akaenda nalo kwake. Baada ya muda tuliona moshi.

Sasa wake za askari wa kambi ya jeshi hapa Mbarara ndio wateja wetu wakubwa. Mmoja alishika kaa letu akaniuliza, "Mzee, hii kitu inawaka kweli, ama ni matope tu?" Nilijibu inawaka. Sikumweleza habari za ukoko.

Kila tunapokwenda Nakivale kununua maganda, mke wangu hubeba sufuria ileile, imefunikwa na kufungwa kwa kitenge. Safari iliyopita mama mzee alimpokea mlangoni, akaipima uzito mikononi, akacheka.

"Mwanangu, Mbarara yote ile hakuna mayi ya kulowesha sufuria?"

"Hakuna kabisa, mama."

"Masikini," akasema, akaingia nayo ndani.