Dalenda na kiti kilichofichwa na nguzo

Saa nne kasorobo asubuhi, na kibanda cha Dalenda Ouerghi kimeshajaa. Watu tisa wamebanana mahali panapowatosha wanne, kila mmoja na kitambulisho mkononi. Dalenda ameketi mbele ya kompyuta, miwani kwenye ncha ya pua, akimalizia kikombe cha tatu cha kahawa kana kwamba hakuna la haraka duniani.

"Msiniegemee mabegani," anasema bila kugeuka. "Anayetaka kuona kompyuta akanunue yake."

Wanacheka, lakini hakuna anayerudi nyuma hata hatua moja.

Leo zinauzwa tiketi za tamasha la kiangazi la Hanshir Rumman, mji mdogo uliokaa juu ya mashamba ya ngano, mwendo wa dakika arobaini kutoka Beja, kaskazini mwa Tunisia. Mauzo ni ya mtandaoni tu, na yanaanza saa nne kamili. Mwaka jana viti 2,800 vya siku ya ufunguzi viliisha kwa dakika kumi na nne. Karibu vyote vilichukuliwa na watu wa Tunis na miji ya pwani, na wenyeji ambao baba zao walibeba mawe ya ukumbi wa wazi wa tamasha hilo mgongoni wakati wa ukarabati walisikiliza muziki kutoka juu ya mapaa ya nyumba zao.

Kiti pekee cha wageni kibandani amepewa Khalti, yaani Mama Mkubwa, Rebah Mansri, mwoka mikate mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Hakuja kwa ajili ya mwimbaji mashuhuri ambaye picha zake zimebandikwa kila ukuta. Bintiye, Yosr, mwenye miaka ishirini na sita, ataimba katika kwaya ya watu arobaini nyuma ya mwimbaji huyo. Ni mtoto wa kwanza wa mji huu kupanda jukwaa hilo siku ya ufunguzi. Kila mwanakwaya aliahidiwa mwaliko mmoja kwa mzazi wake, kisha wiki mbili zilizopita wakaambiwa kwamba mialiko imekwisha, imekwenda kwa wageni rasmi.

"Nimemsikia akiimba jikoni kwangu tangu ana miaka minne," anasema Rebah. "Nilikuwa namwambia funga mdomo, unga utakuingia! Sasa wanataka nilipe ndiyo nimsikie. Sawa, nalipa. Na bado hawaniuzii."

Dalenda ana miaka hamsini na saba, na kibanda hiki anakijua kuliko sebule yake. Hapa ndipo lilipokuwa dirisha la tiketi la ukumbi, naye alikaa nyuma ya kioo chake kwa miaka ishirini na mitatu. Kiangazi cha nne kabla ya hiki, mauzo yalipohamishiwa mtandaoni, alipewa cheti cha shukrani na birika la umeme.

"Birika ni zuri, sina ubaya nalo," anasema. "Mpaka leo linachemsha."

Wengine wangekwenda nyumbani kulia. Yeye alikwenda manispaa na kuomba akodishiwe kibanda kile kile, akakipata kwa dinari tisini kwa mwezi. Anatoa nakala, anajaza fomu, anapiga picha za pasipoti. Mwezi mzuri hubaki na dinari mia sita hivi, chini kidogo ya mshahara wake wa zamani. Na kila Juni anawanunulia tiketi watu ambao mtandao umewashinda. Malipo yake ni dinari mbili kwa tiketi, na akikosa hachukui kitu.

Lakini si kuandika haraka kunakowaleta watu kwake. Vijana wenye vidole vyepesi wapo tele mjini. Watu huja kwa sababu Dalenda amekalia kila jiwe la ukumbi huo, la juu hadi la chini, siku zake za mapumziko, miaka nenda miaka rudi, akiandika kwenye daftari alichokiona na alichokisikia.

Hapa hakuna anayetaja kiti kwa namba. Kuna "jiwe la baridi", ambalo hata mwezi wa Agosti utalikalia na shali. Kuna "kwa wachumba", kona isiyoonekana na shangazi yeyote. Zamani mtu mwenye goti bovu alipofika dirishani, Dalenda hakumuuliza anataka wapi. Alimpa kiti cha mwisho wa safu, karibu na ngazi, kisha akamsalimia mkewe.

"Mtandao unamwuliza mtu, unataka kiti gani? Mtu hajui!" anasema, na hapa sauti yake inapanda. "Mtu anajua goti linamuuma. Kiti najua mimi."

Waswahili tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliochora ramani ya viti kwenye kompyuta hawajakilalia hata kimoja. Safu wanazoziuza kwa dinari sitini, bei ya juu kuliko zote, hupigwa na jua la magharibi usoni mpaka wimbo wa tatu. Niseme wazi kwamba nami nilishanunua huko, na nyimbo mbili za kwanza nilizitazama kupitia vidole.

Saa nne kamili. Dalenda anabonyeza. Skrini inageuka nyeupe, kiduara kinazunguka, kisha inakuja taarifa kwamba mbele yake kuna watu 6,480. Chini yake pameandikwa kwamba asiondoke kwenye ukurasa.

"Elfu sita!" anashangaa Rebah. "Wametoka wapi? Wanatupenda tangu lini?"

Dakika mbili baadaye mlango unasukumwa kwa nguvu. Ni Ami Lazhar, mstaafu wa reli, jirani wa kibanda, simu yake ameiinua juu kama mtu aliyekamata mwizi.

"Nani kanipita?" anafoka. "Nilikuwa wa mia mbili na kumi na nne! Nimeona kwa macho yangu! Sasa inaniambia wa elfu tisa na mia nne!"

"Ulifanya nini, Ami?" anauliza Dalenda, macho yakiwa palepale kwenye skrini.

"Sikufanya kitu. Niliiweka simu dirishani, nikaenda mgahawani kwa Khmais kuchukua kahawa."

Kibanda kizima kinapasuka kwa kicheko. Kwenye tanuri la mikate mjini hapa mtu huacha kikapu chake kwenye foleni na kwenda zake sokoni, na kila foleni inaposogea walio nyuma hukisukuma kikapu mbele kwa mguu. Tangu Hanshir Rumman iwe mji, hakuna aliyewahi kuruka kikapu cha mwenzake. Ami Lazhar alikuwa ameacha simu yake kama anavyoacha kikapu. Simu ikalala, na foleni ikamtupa nje.

"Yaani hawa elfu sita," anasema akitazama kompyuta kwa chuki, "hakuna hata mmoja mwenye adabu ya kunisukumia simu?"

"Kaa, Ami. Usiguse kitu," Dalenda anamwambia, na mzee anakaa juu ya karatasi za kurudufia.

Wengine wanatupwa nje kama Ami, wengine wanakata tamaa; watu 6,480 wanakuwa elfu tatu, wanakuwa mia saba. Saa nne na dakika saba mlango wa mtandao unafunguka, lakini si moja kwa moja. Kompyuta inataka kwanza kuhakikisha kwamba Dalenda ni binadamu. Inampa picha tisa achague zenye taa za barabarani.

"Mji huu hauna hata moja!" analalamika Rebah. "Waulize mizeituni!"

Dalenda anachagua, anakosea, anachagua tena. Ramani ya viti inatokea. Sehemu kubwa imeshakuwa ya kijivu, yaani imeuzwa. Anabonyeza kiti cha kijani safu ya kumi na mbili. Kimechukuliwa. Anabonyeza cha safu ya kumi na nne, kinamkubali, anaingiza namba ya kitambulisho cha Rebah, na ukurasa unamrudisha alikotoka kwa kuomba radhi. Anapata viwili kwa ajili ya mwalimu na mwenzake waliosimama nyuma yake, vitatu kwa familia ya mfinyanzi iliyobanwa mlangoni, halafu kijani chote kinatoweka kwa kufumba na kufumbua.

Sasa hakuna anayecheka. Rebah ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mikono iliyokanda unga miaka hamsini. Ilinichoma kumtazama. Kama kuna haki yoyote katika mambo ya tiketi, mama huyo alistahili kiti kabla ya mtu yeyote aliyekuwa kwenye foleni ile, nami nikiwemo.

"Basi, binti yangu," anasema polepole. "Nitapanda juu ya paa kama wenzangu. Yosr ana sauti, itafika."

"Subiri, Khalti."

Saa nne na dakika kumi na moja kinajitokeza kitone kimoja cha njano, peke yake, juu upande wa kulia. Safu ya kumi na tisa, kiti cha thelathini na moja, dinari kumi na tano. Dalenda anapokibonyeza linatokea onyo kwamba nguzo inazuia sehemu kubwa ya jukwaa, na swali kama mnunuzi ana hakika.

"Achana nacho," anasema Ami Lazhar. "Umlipishe mama wa watu atazame nguzo?"

Dalenda hamsikii. "Khalti, Yosr anasimama upande gani?"

"Kushoto. Mstari wa mbele wa wanawake, wa tatu kutoka mwisho. Alinionyesha kwa vijiko mezani."

"Kushoto kwao au kwetu?"

Rebah anafumba macho. Anasimama, anageuka kama mtu aliye jukwaani, anatazama mkono wake mmoja, kisha mwingine. "Kwao. Kushoto kwao."

Dalenda anabonyeza. Hakufungua daftari. Nguzo ile ameikalia nyuma mara zaidi ya kumi, na anajua inaficha orkestra, inamficha mwimbaji mashuhuri na taa zake. Inaacha upenyo mmoja tu upande wa kulia wa mtazamaji, upana wa waimbaji sita.

Bado kuna malipo, na dakika tano za kuyakamilisha. Kadi ya Rebah ilifunguliwa na mwanawe, Anouar, fundi wa majokofu aliyeko Sfax, na tarakimu za siri zinatumwa kwenye simu yake. Rebah anampigia. Anouar anakata. Anampigia tena. Anakata tena.

"Anadhani nataka kumwozesha," anaeleza. "Kila nikipiga saa za kazi huwa ni habari za kumwozesha."

Ami Lazhar anachomoa simu yake iliyomtia aibu asubuhi ile na kupiga kwa namba yake mwenyewe. Anouar anapokea mlio wa kwanza.

"Karibu, jokofu lako lina shida gani?"

"Jokofu gani, wewe! Fungua ujumbe, soma tarakimu!"

"Wewe nani?"

"Mimi ni mama yako!" anapaza sauti Rebah kutoka pembeni. "Soma, mwanangu, soma, mke tutazungumza baadaye!"

Anasoma tarakimu sita. Dalenda anaziandika. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinasimama. Mashine ya kuchapa inaguna na kutoa karatasi moja. Rebah anapiga kigelegele kinachowatoa watu wa mgahawa wa jirani barabarani, na Ami Lazhar, ambaye hakupata kitu, anapiga makofi kuliko wote.

Kati ya watu tisa wa asubuhi ile, sita walitoka na tiketi. Watatu walitoka mikono mitupu, na Dalenda aliwasindikiza mmoja mmoja hadi mlangoni.

"Hao watatu ndio nitakaolala nikiwawaza leo," aliniambia. "Waliopata watanisahau kesho, na ndivyo inavyotakiwa."

Siku tatu baada ya ufunguzi nilirudi mjini nikamkuta Khalti Rebah mbele ya tanuri lake. Nilimwuliza aliona nini. Alitoa mkate kwanza, akaupangusa majivu, akanikatia kipande na kumimina mafuta ya zeituni kwenye kibakuli.

"Watu wananisimulia kulikuwa na mwimbaji mkubwa, amevaa nguo ya fedha," alisema. "Huenda. Mimi sikumwona. Nimemwona Yosr tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna kichwa mbele yangu, hakuna mtu katikati yetu. Na wimbo wa pili alikosea hatua, akacheka. Hakuna mwingine aliyeona hilo."

Dalenda ameshahesabu viti vya aina hiyo. Viko thelathini na sita, vyote vinauzwa kwa onyo, vingi hubaki vitupu. Ameiandikia kamati ya tamasha akiomba viti hivyo visipelekwe mtandaoni, viuzwe hapa dirishani, siku moja kabla, kwa wenyeji. Ofisa mmoja alimpigia simu kumwambia watalijadili msimu wa vuli, ila akamtahadharisha kwamba ni viti vibaya na wao wenyewe huona haya kuviuza.

"Nikamwambia, nipeni mimi hiyo haya," anasema.

Hasubiri vuli. Watoto wengine watatu wa mji huu wanaanza shule ya muziki Septemba, na Dalenda ameshawatembelea mama zao kuwauliza kila mtoto anajifunza nini. Mama wa mtoto wa fidla ameshachaguliwa kiti cha siku mwanawe atakapopanda jukwaani, safu ya ishirini na moja. Wa zumari pia.

"Wa ngoma ndiye anayenisumbua," anasema, akivua miwani na kuifuta kwa ncha ya shali. "Wapiga ngoma hukaa katikati, na katikati ni kwa wenye pesa. Nimemshauri mama yake amhamishie mtoto kwenye fidla, kakataa katakata. Basi, mwaka ujao itabidi nimtafutie upenyo."