Alama Aliyoifuta Teresina

Watu wa Juba huuita mto wao bahar, na usijisumbue kuwaambia kwamba bahari iko mbali. Stima zilikuja, mizigo ikashushwa, watu wakaondoka wasirudi. Kama hiyo si bahari, ni nini? Barabara ya kando ya mto huo ndiyo iliyomlea Teresina.

Baba yake, Jubek, alikuwa hamali bandarini, enzi za stima kutoka kaskazini zilizojaa sukari na tende. Vikaja vita, stima zikaleta askari. Siku moja mtu mmoja akapita mtaani akichora chaki kwenye milango. "Msiogope," akasema, "ni kwa usalama wenu." Jubek alichukua kitambaa kibichi akaufuta mlango wake mpaka ukang'aa. Lori lilipokuja kuchukua watu, lilisimama penye chaki tu.

Kwa hiyo Teresina alifika Uganda akiwa hai, na hilo si jambo dogo. Alilima mihogo ya wenyewe kule Koboko hadi amani ilipopatikana, akarudi na mama yake, Jael, wakati majahazi ya chuma yalipokuwa yakishusha watu na vitanda vyao, kuku wao, hata milango waliyoing'oa ugenini. Barabara ikajaa hoteli za makontena, bia baridi na malori ya kuchota maji. Katikati ya vurugu hiyo Teresina akakaanga samaki. Mama yake alipofariki alimzika uani, karibu na jiko, na kila asubuhi alimwamkia kabla ya kuwasha moto.

Mwaka huu ikaja habari ya barabara mpya, yenye lami na taa na ukuta wa mawe kandokando ya maji. Kijana wa ofisi akapita na kopo la rangi nyekundu, akichora msalaba kila nyumba. Teresina akamuuliza ni wa nini.

"Usijali, mama. Ni kwa faida yenu."

Usijali! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kijana hajafika kona, Teresina alikuwa ameshapiga magoti na brashi, sabuni na mafuta ya taa, akisugua mpaka vidole vikachubuka.

"Unafua ukuta?" Lilly, jirani yake tangu Koboko, akamcheka.

"Wewe pia futa yako," Teresina akajibu kwa Kiswahili chake cha Koboko. "Baba yangu ilikuwa nafuta, na sisi napona."

"Nitafuta kesho."

Lilly ni mtu wa kesho. Hata sufuria zake huoshwa kesho. Msalaba wake ukabaki pale pale.

Kumbe wa kubomolewa ulikuwa mtaa mzima, penye alama na pasipo alama. Msalaba ulikuwa wa kupewa kiwanja New Site, ambako mtu angehamia na watoto wake na maiti wake. Msimamizi wa kazi hiyo, Lam, si yule wa kopo la rangi bali kijana mwingine aliyekulia Nakuru, alisimama mbele ya ukuta wa Teresina, safi kuliko yote mtaani.

"Mathe, hapa hakuna alama."

"Ilikuwa iko! Mimi nafuta na mkono yangu hii. Uliza Lilly."

"Kila mtu ana jirani wa kumtetea. Wengine wamejenga juzi tu ndio wapate ploti. Nimwamini nani?"

"Mimi nazaliwa hapa. Mama yangu iko hapo chini."

Lam akaliona kaburi, akavua kofia. Adabu anayo, tusimnyime haki yake. Kisha akaivaa. "Pole sana. Jumatatu tingatinga linapita. Mhamishe."

Amhamishie wapi? Teresina alikwenda madukani Sherikat akanunua rangi nyekundu, akauchora msalaba upya. Lam aliugusa, akamwonyesha kidole chake. Rangi ilikuwa bado mbichi. Hapo Teresina alilia kwa sauti mbele ya watu, mwanamke ambaye vita havikumliza hadharani.

Jumapili, majirani wakipakia mabati, alimfukua Jael mwenyewe. Akaifunga mifupa katika lawa, ile shuka ya kufunga begani ambayo mama yake alivaa kanisani, akaipakata njia nzima mpaka kwa Lilly, aliyekwisha kuhamia New Site. Hakuketi.

"Lilly, mimi naomba nafasi."

Lilly alitazama furushi, akatazama chumba chake kimoja, mumewe na wakwe wamejaa mlangoni.

"Mama Jael nakaa kwangu. Yeye hakuli, yeye hataki kitanda. Lakini wewe, dada..." Akajifuta macho kwa kanga. "Maleesh, samehe mimi, Teresina. Maleesh."

Walimzika Jael kwenye kona ya ua wa Lilly. Teresina aliusawazisha udongo kwa viganja, akamwamkia mama yake kama kawaida, ingawa jua lilikuwa linashuka. Akitoka, akaona mlango wa Lilly: lile bati la zamani la mtoni, na msalaba mwekundu bado uko, na tope lake juu. Lilly hakuwa ameuosha.

Akaomba maji, akanywa, akaaga. Mama alikuwa amepata kwao. Teresina akashika njia ya kurudi mtoni, kulala usiku mmoja uliobaki katika nyumba yake.