Mikono Mfukoni

Miaka ile ya vita, wakubwa wetu walikuwa na neno moja: punguza watu. Nilikuwa chef, yaani msimamizi, wa kikundi kidogo cha kutengeneza mabomba ya maji mtaa wa Kadutu, na nilishajua nitampunguza nani. Ni baba mmoja wa mtaa wa Bagira, mwenye watoto wengi, ambaye kazini alisimama na koleo lake hadi aambiwe la kufanya. Nikaahidi kupeleka jina lake Jumamosi.

Maman aliyetunza depo ya vifaa akanizuia mlangoni.

"Papa chef, ule mutu si muvivu. Ni wewe unamufunga mikono."

"Mimi? Sijamugusa hata siku moja."

"Kila kiungo anakaza, unapita nyuma unakaza tena, mbele ya wote. Hata mimi ningesimama tu."

Kabla ya baba yule nilikuwa nimemwachisha kazi mwingine kwa uzembe uleule, na hadi leo najua nani aliutengeneza.

Jumamosi asubuhi likapasuka bomba la maternite, hospitali ya kujifungulia, kwenye mteremko mkali. Nilimpa yule baba kle, chuma chetu cha kukazia.

"Leo chantier ni yako, kazi yote. Mimi nitabeba mabomba."

Alinitazama kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Wenzake wakaulizana, "Chef iko mugonjwa?"

Akaanza polepole. Wanawake walishapanga mabidoni yao ya maji kando ya njia, na nilijiona kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa kwenye majaribio. Alipozungusha uzi wa kuziba kwenye kiungo si kama nilivyozoea mimi, mkono wangu ukajinyoosha wenyewe.

"Mikono mu mufuko, papa," akasema maman wa depo, aliyekuja na bidoni lake. Foleni nzima ikacheka.

Maji yalipofunguliwa, kiungo kikayatema pembeni. Kicheko kikakatika. Nikang'ata midomo, mikono ikabaki mfukoni. Yule baba alifunga maji, akalegeza kiungo, akaongeza uzi, kisha akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Wewe shika hapa, kaza. Wewe panda juu, fungua polepole. Chef, toka mu njia."

Nikatoka. Bomba likakohoa hewa, likatema tope, halafu huko ndani ya maternite mtu akaanza kugonga beseni: yamefika. Vigelegele vikapanda mlima mzima. Nililowa hadi magotini na nilikuwa nikicheka peke yangu.

Nilikwenda kwa wakubwa hivyohivyo, nikaacha tope sakafuni kwao. Nikawaambia sina jina la kuwapa, na wakitaka kupunguza mtu waanze na mimi. Walinung'unika, wakaacha.

Jumatatu nilimkuta yule baba depo kabla yangu, vifaa vimeshapangwa.

"Umechelewa, chef," akasema, akinionyesha mabomba marefu kuliko yote. "Zile ni zako."

Nikayabeba.