Silinda ya Tatu

Jumanne, kwenye gereji moja ya Kabuga, nilimkuta mkuu wa ofisi fulani. Gari lake lilikuwa limeshindwa kupanda kilima cha Rebero.

“Fanya haraka,” alimwambia fundi. “Bila mimi ofisi haiendi.”

Fundi aliwasha injini, akaanza kuchomoa nyaya za plagi moja moja na kuzirudisha. Kila akichomoa, injini ilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Alipofika silinda ya tatu, injini haikushtuka hata kidogo.

“Bosi, shida iko hapa. Hii iko inabebwa na wenzake.”

“Umejuaje?”

“Nimeitoa kazini, hakuna kitu imebadirika.”

Mkuu alicheka sana. Tulikaa hapo mpaka saa nane mchana, simu yake ikiwa mezani, haikulia hata mara moja. Bila shaka ofisini waliogopa kumsumbua.