Kesi ya Bibi Nabanda Inasubiri Betri

Zione alilelewa na bibi yake mzaa mama, Nabanda, katika kijiji cha Chifu Mkanile upande wa Kasungu, ambako watu wanalima tumbaku na karanga na kila mtu anajua chunguni mwa jirani kumepikwa nini. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, Mungu amrehemu, na Nabanda akambeba mgongoni kwa kitenge kilekile alichombebea marehemu. Alikuwa mwanamke wa kanisa, wa Mvano, wale akina mama wa blauzi nyeupe na sketi nyeusi. Blauzi yake ilikuwa nyeupe kuliko za wote, na hilo peke yake lilikuwa limewaudhi wengi.

Zione alipomaliza sekondari alisikia kuna chuo Lilongwe kinachofundisha vijana kurusha droni. Akaomba nafasi, akapata, akakimbia nyumbani kumweleza bibi yake. Alimkuta uani anapepeta karanga.

"Kurusha nini?" akauliza Nabanda.

"Ndege, bibi. Ndogo tu. Haina mtu ndani."

Nabanda aliacha kupepeta. Akautazama ungo uliokuwa mikononi mwake, kisha akauweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "neno hilo usilirudie hapa nje."

Huku kwetu kila mtu anajua ndege ya kijijini ni ipi. Ni ungo, rubani wake ni bibi kizee, na safari zake ni za usiku. Mtoto akiamka amechoka, watu wanasema alikuwa kwenye ndege. Sasa mjukuu wa bibi kizee anakwenda kusomea urubani, tena anaaga mchana kweupe na begi mkononi.

Akasoma, akafaulu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka dawa kwenye visiwa vya ziwani, kule ambako mashua ikichelewa mgonjwa naye hamsubiri mtu. Alifanya kazi vizuri, jina lake likaenea, na wenye kampuni wakamchukua hadi Madagaska kupiga picha za barabara na mapaa baada ya kimbunga. Huko alikuta ni mwiko kunyooshea makaburi kidole. Ukitaka kuyaonyesha, ukunje kidole kwanza. Wazee wakaizunguka droni yake, wakaona kamera imetokeza mbele kama kidole, na kidole chenyewe hakikunjiki. Wakakaa kikao. Mwishowe Zione akakubali kuipitisha makaburini kinyumenyume, kwa adabu, na wazee wakaridhika. Mkubwa wake alimpigia simu kuuliza kwa nini kila picha ya kijiji kile inaonyesha droni inaondoka.

Kutoka Madagaska akaenda Ghana kupima mashamba ya kakao. Kule mzee mmoja mwenye shamba alimtazama anavyofanya kazi, akakunja uso. Kitu chenyewe kinaongozwa kwa vijiti viwili, na kijiti cha kuinulia kiko kushoto. Mzee akasema hakuna mtu atakayeinua kitu juu ya kakao ya baba yake kwa mkono wa kushoto, mkono ambao mtu hapokelei hata kikombe. Zione hakubishana. Alibadilisha mipangilio ya kile kifaa cha kuongozea, kijiti cha kuinulia kikahamia kulia, akajifunza upya vidole vyake kama mtoto anayeanza kuandika. Alipozoea aliiacha hivyohivyo.

Kila alikofanya kazi alimkumbuka bibi yake. Alimtumia blanketi, kisha taa ya jua, kisha mabati ya kuezekea nyumba. Wala hakujua kwamba kila nchi aliyokwenda ilikuwa inamwongezea bibi yake shaka machoni pa watu. Kisimani watu walisema urubani haujifunzwi ukubwani, ule ni wa ukoo. Walisema mtoto amefika Ghana, na nani aliwahi kumwona akipanda basi la kwenda Ghana? Na yale mabati yalikuwa yanang'aa hivyo kwa faida ya nani, kama si ya mtu anayetaka kuona nyumba yake kutoka juu?

Kisha upepo wa Oktoba ukaangusha banda la tumbaku la jirani yao, Bwana Jailosi. Alipofukua nguzo na nyasi alikuta chini yake ungo. Hakuna aliyejiuliza mtu mwenye mke na mabinti watatu ataachaje kuwa na ungo. Jailosi akaubeba kwa ncha ya fimbo hadi kwa chifu, akidai ndege ya Nabanda ndiyo iliyoangukia banda lake.

Zione alikuwa Lilongwe, amerudi kupumzika kabla ya kwenda Namibia kuhesabu tembo na twiga kwenye hifadhi, mjomba wake Laiton alipompigia simu. Mjomba alimwambia kesi ni kesho. Wakimwona bibi ana hatia atahamishwa kijiji, apelekwe Ntchisi kwa mdogo wake ambaye hawajasemezana tangu ujana. Nabanda alikuwa amesema kwamba akitolewa kwenye nyumba ile atakufa njiani, na mjomba aliamini kabisa anaweza kufanya hivyo, kwa ubishi tu.

Zione akapanda basi na sanduku lake la droni magotini.

Uwanja wa chifu ulikuwa umejaa. Watu wakapiga magoti, wakapiga makofi ya heshima, kisha Jailosi akasimama. Alijua sheria ya nchi inakataza kumwita mtu mchawi, kwa hiyo alisema kwa uangalifu sana.

"Chifu, mimi simwiti Nabanda kitu chochote. Mimi nasema anarusha, basi."

Zione akaomba ruhusa ya kusema. Maskini, alikuwa amejiandaa njia nzima kwenye basi. Aliwaeleza kwamba yeye ndiye rubani, amesomea, ana leseni ya serikali, na kazi hii ina masharti yake. Huruhusiwi kurusha usiku bila kibali. Hurushi juu ya watu, wala juu ya nyumba ya mtu ambaye hujamwomba. Upepo ukiwa mkali hurushi kabisa. Aliona watu wanatikisa vichwa kwa kuelewa, akafurahi moyoni, akaketi.

Chifu Mkanile, mtu mpole mwenye kofia ya jeshi la zamani, akahesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo," akasema, "Nabanda amerusha usiku bila kibali. Amerusha juu ya watu. Amerusha juu ya nyumba ya Jailosi bila kuomba. Tena siku ya upepo mkali." Akamgeukia Zione kwa huruma. "Binti, tulikuwa na kosa moja. Sasa ni manne. Na leseni hana."

Mjomba Laiton akafunika uso kwa kofia yake.

Baraza likajadili hadi watu wakaanza kutafuna mihogo mibichi. Ikaamuliwa jambo ambalo kila mmoja aliliona la haki: rubani mwenye leseni yupo na kifaa kipo, basi Nabanda apimwe. Kesho asubuhi apewe droni. Ikimshinda, atarudi nyumbani kwake na Jailosi atalipa jogoo wa kuomba radhi. Akiweza kuirusha, basi mambo yamejionyesha yenyewe, na atafunga mizigo.

Asubuhi Zione alimkuta bibi yake ameshaoga, amevaa blauzi ya Mvano, anasonga nsima kwa nguvu za msichana. Akapiga magoti karibu na jiko.

"Bibi, nakuomba. Usiguse chochote. Shika tu, kisha useme imekushinda."

"Nijifanye sijui?"

"Hujui kweli, bibi."

"Basi sina haja ya kujifanya," akasema Nabanda. "Nitajaribu kwa moyo wangu wote, na Mungu ataonyesha kwamba sijui."

"Lakini hizi za siku hizi zinajishikilia zenyewe hewani. Hata mtoto anaziweza."

"Na mimi nimekusomesha kwa karanga zangu, halafu niitwe mbele ya watu nifanye vibaya? Watasema mjukuu wangu hajui kufundisha." Akampakulia nsima. "Kula, mke mwenzangu. Leo usimame vizuri. Usiniinamishe kichwa."

Zione alikula huku akimwomba Mungu jambo ambalo rubani haombi, kwamba droni yake iharibike. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Mikono ilikagua mapangaboi na betri kama kawaida, na kila kitu kilikuwa kizima. Akabaki na tumaini moja: mtu asiyejua huanza kwa kubahatisha, na bibi akibahatisha kijiti cha kushoto, droni haitanyanyuka.

Uwanjani akamkabidhi kifaa bila kumwambia neno. Nabanda akakipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama anayepokea sakramenti. Akavitazama vijiti vile viwili. Alikuwa mwanamke aliyelelewa vizuri, na tangu utoto wake hakuwahi kuanza jambo lolote mbele ya wakubwa kwa mkono wa kushoto. Akasukuma kijiti cha kulia.

Droni ikapanda juu ya uwanja, ikasimama hewani imetulia tuli, inavuma kama mzinga wa nyuki.

Zione alimfikiria yule mzee wa kakao, machozi yakamlenga. Nabanda naye alikuwa ameshasahau kesi. Aliipeleka droni hadi kwenye bati lake, akaizungusha, akairudisha, akaishusha miguuni pa chifu polepole, na kanga wa chifu waliokuwa wakidonoa hapo hawakukimbia.

"Mmeona," akasema Jailosi, lakini sauti yake ilikuwa ya huzuni, kama mtu aliyeshinda jambo asilolitaka.

Nabanda alimgeukia bila chuki yoyote. "Jailosi mwanangu, njoo ushike. Ni rahisi kuliko baiskeli."

Jailosi akasema yeye si mtu wa mambo hayo. Chifu akafikiri, akasema mwenye mashtaka lazima ajaribu, la sivyo baraza litajuaje kama jambo lenyewe ni gumu? Jailosi akakipokea kifaa kama mtu anayepokea nyoka. Akasukuma kijiti. Ikapanda. Akaona kwenye kioo kidogo shamba lake lote kutoka juu, mistari ya tumbaku imenyooka kama ameichora kwa rula, na akacheka kicheko ambacho mke wake hakuwa amekisikia tangu harusi.

"Hii ndiyo tumbaku yangu?" akauliza. "Hii yote?"

Hakutaka kuirudisha. Ilibidi chifu amkumbushe kwamba hapa ni kesi, kisha akavua kofia yake ya jeshi na kusema kwamba, kwa ajili ya ushahidi tu, naye angependa kushika kidogo. Baada ya chifu akashika mjomba Laiton. Baada ya mjomba wakajipanga akina mama wa Mvano, na mzee wa kanisa akawasukuma ili apite mbele. Zione alikimbia huku na huku akibadilisha betri na kupiga kelele, "Jamani, si juu ya watu," na kila mmoja aliirusha, na kila mmoja aliiweza.

Mwisho taa nyekundu ikawaka. Droni ikashuka yenyewe mbele ya kiti cha chifu, na betri zote zikawa zimeisha.

Hapo ndipo watu walipoikumbuka hukumu: anayeweza kurusha anahama. Wakatazamana. Waliokuwa hawajarusha ni watoto wachanga, wachache waliobaki kwenye foleni, na mbuzi. Kijiji kizima kingefunga mizigo kwenda Ntchisi, chifu akiwa mbele na kofia yake.

Chifu Mkanile akasafisha koo. Akasema baraza haliwezi kutoa hukumu wakati wengine hawajapimwa, hiyo haitakuwa haki, na Mungu hapendi upendeleo. Kesi inaahirishwa mpaka betri zijae. Nabanda asubiri nyumbani kwake.

Umeme kijijini haupo. Zione akafungua mdomo kueleza kwamba betri anaondoka nazo kwenda Namibia, na Nabanda akamkanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu, huku anamtabasamia chifu.

Tangu wakati huo Zione amefanya kazi Namibia, na sasa wanamhitaji Zambia. Kila anaporudi na betri zimejaa, mjumbe wa chifu anapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba kesi ya Nabanda inaendelea. Watu wanakuja na maandazi na viti vyao. Jailosi anafika wa kwanza, amechukua ungo wake wa ushahidi umejaa karanga za kukaanga, anamwekea Nabanda nafasi kivulini. Wanarusha hadi taa nyekundu iwake, kisha chifu anasafisha koo na kuahirisha.

Safari iliyopita Nabanda alimvuta mjukuu wake kando.

"Mke mwenzangu," akasema, "ukirudi uje na betri nyingi kidogo. Mwaka huu zamu yangu haikufika."